Asili na Maana: Uhakiki wa Maelezo ya Rangi za Bendera ya Tanzania

I

Mtoto wa shule akiulizwa habari za bendera ya taifa lake hujibu kwa sentensi nne: kijani ni ardhi na mimea yake, manjano, au dhahabu, ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Jibu hili huandikwa ubaoni, hunakiliwa madaftarini, huulizwa katika mitihani, na mtu hulichukua kutoka darasa la mwanzo mpaka uzeeni bila kubadili neno. Ni katika maandishi mafupi kabisa tuliyo nayo juu ya taifa, na yamkini ni katika yale yanayojulikana na watu wengi zaidi. Walakini ni mara chache husomwa kama maandishi. Na maandishi husomwa kwa kuulizwa: yametoka wapi, yasema nini, na yaacha nini. Katika makala haya nakusudia kuyauliza maswali hayo matatu.

Yafaa nieleze mapema jambo ninalotaka kulithibitisha. Rangi za bendera zina mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Zina asili, yaani mahali zilikotoka; na zina maana, yaani kile ambacho watu wamekubaliana zikisimamie. Maelezo ya shuleni hutoa maana na kuiacha asili. Kwa kufanya hivyo hupoteza sehemu ya historia ya Muungano, na huacha bila jibu swali moja zito juu ya uraia.

II

Tuanze na neno lenyewe. Bendera ni neno la Kireno, bandeira, lililosalia katika lugha yetu baada ya wenyewe kuondoka, kama yalivyosalia meza, leso na gereza. Kando yake kamusi zetu zimehifadhi neno beramu, ambalo sasa halitumiki sana. Bendera ya pwani ilikuwa pia kitu cha chombo. Methali isemayo kwamba bendera hufuata upepo ni methali ya watu wa bahari, waliokitazama kitambaa mlingotini wakajua upepo watoka wapi. Katika methali hiyo bendera haina msimamo wowote. Ni mfano wa mtu asiye na neno lake mwenyewe. Kutoka bendera hiyo hadi bendera ambayo watu huisimamia wima kwa heshima ni safari ndefu, na lugha imetumia neno moja kwa safari yote.

Neno hilo lilikuwa na maana nyingine ambayo wengi wamekwisha kuisahau. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, bendera lilikuwa jina la nguo: pamba nyekundu iliyopimwa kwa mikono na doti, ikauzwa pamoja na merikani na kaniki. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, bila alama, na nguo ya rangi ile ikaitwa kwa jina la kitu kilichoshonwa kwayo. Mtu wa bara aliyesema kwamba ataka bendera hakuwa akiomba dola. Alikuwa akiomba nguo ya kuvaa.

Nyekundu hiyo haikuhitaji kufasiriwa. Ilikuwa na mwenyewe, na kila mtu alimjua. Hata mwezi wa Agosti 1888, kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake Pangani na katika miji mingine ya mrima, ugomvi juu ya bendera ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Abushiri bin Salim, vita ambavyo Hemedi bin Abdallah alivitungia utenzi. Hapakuwa na aliyebishana na mwenzake kwamba nyekundu yamaanisha hivi au vile. Ubishi ulikuwa juu ya haki ya mlingoti: bendera ya nani ipepee, na ya nani iteremke.

Mjini Mombasa nyekundu ile ile iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu muda wote wa utawala wa Waingereza, kwa kuwa mapatano ya 1895 yaliacha mwambao uhesabiwe kuwa milki ya Sultani. Ilidumu hapo hata mwaka 1963. Tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ilipandisha bendera yake ya nyeusi, nyekundu na kijani, yenye milia myembamba myeupe, na watoto wa Kenya hufundishwa kwamba nyekundu hiyo ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Basi mtu wa Mombasa aliyeishi mwaka 1963 aliona nyekundu moja ikiteremka na nyekundu nyingine ikipanda. Ya kwanza ilikuwa ya mwenye milki. Ya pili ni ya waliokufa ili milki ya wageni iondoke. Lugha ilitoa kivumishi kimoja kwa zote mbili, na jicho halikuona tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa katika maneno yaliyosemwa juu yake. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba maana haikai katika rangi. Huletwa na wasemaji, na wasemaji waweza kuiondoa.

III

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bendera iliyopandishwa usiku wa manane mjini Dar es Salaam, na ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha kileleni Kilimanjaro, ilikuwa ya milia iliyolala: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na baina ya kijani na nyeusi mistari myembamba ya manjano. Aliyeijua bendera ya TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, hakuhitaji kuambiwa kwamba kijani, nyeusi na kijani ndizo rangi za chama. Kilichoongezwa ni ile mistari ya manjano.

Kuongezwa kwake kwastahili kuangaliwa. Mabingwa wa nembo wa Ulaya wana kanuni ya tangu kale kwamba rangi mbili nzito zisigusane, bali zitengwe kwa dhahabu au kwa fedha, ambazo kitambaani huwa manjano au nyeupe. Bendera ya Tanganyika yaafikiana na kanuni hiyo, na ya Kenya vivyo hivyo, ambapo rangi tatu za KANU zimetengwa kwa nyeupe. Kwa kazi yake katika kitambaa, manjano ya Tanganyika ni mpaka, na nyeupe ya Kenya ni mpaka. Kwa maelezo, mpaka mmoja ni madini na mpaka wa pili ni amani. Sisemi kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Nasema kwamba mshonaji na mwalimu hutazama mstari mmoja kwa macho mawili.

Zanzibar ilijipatia uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, kwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za manjano. Bendera hiyo iliishi kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 nyekundu ikaondolewa kabisa, na mwanzoni mwa mwaka huo huo ikapandishwa bendera ya milia mitatu iliyolala, buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Hapa pia bendera ya nchi ilizaliwa na bendera ya chama.

Nchi mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na tarehe 30 Juni mwaka huo ikapatikana bendera tuliyo nayo. Tukiisoma kwa asili yake twaona hivi: nyeusi na kijani zilikuwamo katika bendera zote mbili, manjano ilitoka Tanganyika peke yake, buluu ilitoka Zanzibar peke yake. Milia iliyokuwa imelala iliachwa, na ukanda mweusi ukapitishwa kwa mshazari, ukianza chini upande wa mlingoti na kupanda hata pembe ya juu ya upande wa pili, ukiwa na kingo za manjano. Pembetatu ya kijani imekaa juu karibu na mlingoti, na ya buluu chini kwa upande upepeao. Milia iliyolala hulazimu mmoja uwe juu ya mwingine kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshazari huipa kila rangi pembe yake na upande wake. Katika bendera ya nchi mbili zilizoungana, jambo hilo si dogo.

Sasa turudi kwenye sentensi ya nne ya mtoto wa shule: buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Rangi iliyoletwa na visiwa imefasiriwa kwa maji, na katika maji hayo bahari imepewa fungu moja tu kati ya matatu. Maziwa ni Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Mito ni Rufiji, Ruvu, Pangani na mingineyo. Hayo ni maji ya bara. Kwa hiyo rangi pekee ambayo Zanzibar ilikuja nayo katika bendera ya Muungano, na ambayo Tanganyika haikuwa nayo, imegeuzwa na maelezo ikawa kwa sehemu kubwa picha ya bara. Sidhani kwamba aliyetunga sentensi hiyo alikusudia hivyo. Lakini mhakiki hahukumu nia. Hupima maneno yafanyavyo kazi.

Na kazi ya maneno hayo ilidhihirika Zanzibar ilipoanza kutumia bendera yake mwaka 2005. Bendera hiyo ni ya buluu, nyeusi na kijani, milia iliyolala, yenye bendera ya Muungano katika pembe ya juu. Mtu aliyefundishwa maana bila asili huitazama na kuona kwamba Zanzibar imechukua rangi tatu za Muungano ikaacha moja. Mtu aliyefundishwa asili huona kinyume chake: kwamba Zanzibar imerudia rangi zake za 1964, ambazo Muungano ulizipokea kutoka kwake na kutoka kwa mwenziwe. Watu hao wawili wakizungumza juu ya Muungano hawatasikilizana, na sababu ya kutosikilizana kwao yaweza kuwa imeanzia katika daftari la darasa la pili.

IV

Mpaka hapa nimeuliza juu ya historia. Lugha nayo ina ushahidi wake, na wasomaji wa jarida hili wataniwia radhi nikikumbusha jambo wanalolijua. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye shina lake na vyenye kupokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezipata kwa kuazima majina ya vitu: kahawia kutoka kahawa, kijivu kutoka majivu, zambarau kutoka tunda lake, samawati kutoka mbingu za Waarabu. Katika rangi nne za bendera ni moja tu, nyeusi, iliyo ya ukoo wa kwanza. Hizo tatu zilizobaki ni vitu vilivyogeuzwa rangi, na kila kimoja huyaathiri maelezo kwa namna yake.

Kijani ni jani dogo; kijani kibichi ni jani ambalo halijakauka. Tukisema kwamba kijani ni mimea ya nchi, hatufasiri rangi bali twarudia jina lake. Ndiyo maana sentensi hii ndiyo rahisi kuliko zote kukumbukwa: Mswahili huijua kabla hajafundishwa.

Manjano ni mzizi wa jikoni, upondwao ukatiwa katika mchuzi. Hapa jina halisaidii maelezo bali huyapinga, kwa kuwa hapana awezaye kusema kwa uso mkavu kwamba bizari ni madini. Hivyo msemaji hulazimika kuvuka kutoka manjano hadi dhahabu. Ubishi tunaousikia mara kwa mara, kama rangi hiyo iitwe manjano au dhahabu, hudhaniwa kuwa ni ubishi wa wapenda maneno. Kwa hakika ni ubishi wa maana, kwani kwa jina la kwanza maelezo huanguka na kwa jina la pili husimama. Katika kanuni ya nembo ya Ulaya manjano na dhahabu ni kitu kimoja. Katika Kiswahili ni vitu viwili, kimoja huuzwa sokoni kwa kipimo cha kijiko na kingine kwa sonara. Tena dhahabu yenyewe ni mwakilishi tu wa madini mengine. Tanzanaiti, kito kilichopewa jina la taifa, kiligunduliwa Mererani mwaka 1967, miaka mitatu baada ya bendera kushonwa, nacho ni cha buluu iliyochanganyika na zambarau. Madini nayo yana uhuru wa kutofuata maelezo.

Buluu ni mgeni wa karibu aliyetoka Uingereza. Kabla hajazoeleka, nili ilitaja rangi ya nguo na samawati ilitaja rangi ya anga, na kwa buluu iliyokolea Mswahili alitosheka na -eusi, ambalo kamusi za zamani hulieleza kuwa latumika kwa kila rangi yenye giza. Kwa jicho la lugha ya zamani, basi, maji ya kilindi na ukanda wa katikati vingeweza kuitwa kwa neno moja.

Na hapo twafika kwenye nyeusi, iliyo nzito kuliko zote. Nyeusi ni watu. Sentensi ikiishia hapo, ni njema. Lakini mara nyingi huongezwa neno moja, nayo huwa: nyeusi ni watu weusi. Kwa kuongeza kivumishi hicho mwalimu hudhani ameifafanua rangi, kumbe ameibadili katiba. Katika Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia, na walikuwako waliotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kwa ukali, akawa tayari kuacha uongozi kuliko kukubali. Sheria ikapita bila ubaguzi huo. Basi bendera iliyopandishwa Desemba ilipandishwa juu ya nchi iliyokwisha kukataa kwamba rangi ya ngozi ndiyo kipimo cha mwananchi. Kumwambia mtoto kwamba bendera hiyo husimamia watu wa rangi moja ni kukirudisha kwa mlango wa nyuma kile kilichotolewa kwa mlango wa mbele, na mtoto wa raia mwenye asili ya Uhindi, au Uarabuni, au Ulaya, aliyeketi katika dawati hilo hilo, atajiuliza yeye yumo katika rangi gani.

Hapa asili yatusaidia kuliko maana. Nyeusi iliingia bendera ya Tanganyika kutoka bendera ya TANU, na TANU hapo mwanzo kilikuwa chama cha Waafrika waliokuwa wakidai nchi yao. Katika wakati ule na katika kitambaa kile nyeusi ilikuwa tamko la watu walionyimwa haki kwa sababu ya weusi wao, na tamko hilo lilikuwa la haki. Uhuru ulipopatikana, rangi ilibaki, bali wananchi walioisimamia waliongezeka. Chama chenyewe kilikuja kufungua milango yake kwa watu wa asili zote. Mwenye kueleza hivyo hana haja ya kuficha weusi wa nyeusi, wala ya kumtoa mtu nje ya bendera.

Lugha nayo yakubaliana naye. Katika nyumba ya Mswahili ndugu wa tumbo moja watatu huweza kuitwa mmoja mweusi, wa pili mweupe, na wa tatu maji ya kunde, na mama yao ni mmoja. Maneno hayo kwetu hutaja kadiri ya rangi ya mtu. Hayataji ukoo wake. Waliogeuza -eusi na -eupe kuwa majina ya mataifa ya watu walipata wazo hilo nje ya matumizi hayo ya nyumbani.

V

Huenda msomaji akasema kwamba haya yote ni mzigo kwa mtoto, na kwamba alama ni mapatano: hapana alaye mezani akaulizwa kwanza kama ajua Kireno. Tena kuna hoja yenye nguvu zaidi, nami nitaitaja kwa sababu sipendi kushinda kwa kuinyamazia. TANU na Afro-Shirazi viliungana tarehe 5 Februari 1977 vikawa Chama cha Mapinduzi, na tangu 1992 nchi ina vyama vingi. Mwananchi asiye wa chama hicho hana budi aweze kuisimamia bendera bila kuona kwamba asimamia rangi za vyama vilivyokizaa. Maelezo ya ardhi, madini, watu na maji yameziondoa rangi mikononi mwa vyama yakazitia mikononi mwa wote. Hiyo ni kazi kubwa, na maelezo yameifanya.

Nakubali hoja hiyo. Ndiyo maana sipendekezi sentensi nne zifutwe. Lakini kumkaribisha kila mtu nyumbani hakulazimu kuficha nyumba ilijengwa na nani. Anayejua kwamba rangi zilitoka katika vyama, kisha zikapewa maana ya wote, ameelewa jambo kubwa zaidi juu ya taifa lake kuliko anayedhani kwamba zilianguka kutoka mbinguni zikiwa na fasili zake. Ameelewa kwamba maana ilifanywa na watu, na kwamba kuitunza ni kazi yao.

Mapendekezo yangu, basi, ni mawili, na yote ni mafupi. La kwanza, sentensi ya tatu iachwe iwe “nyeusi ni watu”, na kila mwenye kuongeza kivumishi hapo aulizwe amekitoa wapi. La pili, iongezwe sentensi ya tano, ambayo mtoto aweza kuikariri kwa pumzi moja: rangi hizi zilitoka katika bendera mbili za nchi mbili, Tanganyika na Zanzibar, zilizoungana mwaka 1964. Watungaji wa kamusi nao, wakifika kwenye neno buluu, wasisahau kwamba katika bendera yetu rangi hiyo ilikuwa ya visiwa kabla haijawa ya maji.